Siku Niliyopiga Hodi kwa Mzee Mbonde Katikati ya Mashindano

Jamani, kuna aibu ambayo mtu anaificha mpaka inazeeka naye, na mimi yangu hata nikitaka kuificha siwezi kwa sababu ilitangazwa kwa kipaza sauti. Yeyote aliyekuwa Kilwa Masoko miaka ile anakijua kipande chake, na kila mmoja anasimulia kwa namna yake (nimewahi kusikia toleo lenye mbuzi, na naapa siku ile hapakuwa na mbuzi), basi leo acheni mwenye mkasa aseme mwenyewe, na mnaotaka kuanza mazoezi mkae mbele msikie vizuri.

Naitwa Somoe. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Masoko, miaka thelathini na ushee, watoto wawili, mume mmoja (Athumani, fundi seremala, mtu wa maneno machache), na mwili ulioanza kunenepa polepole bila kuniomba ruhusa. Kwetu ni Mitole, kwenye mashamba, na bahari nimeijua ukubwani, tena kwa kuitazama tu. Nilikuwa nafika ufukweni navua viatu, nalowesha vidole, narudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Mpaka siku ile wasichana wawili wa darasa langu walipokwenda kuokota kombe maji yakiwa yamekupwa, wakanogewa, wakasahau kugeuka, na bahari ikajaa ikawazunguka kwenye fungu la mchanga. Mimi nilipofika, watu wamejaa pwani wanapiga kelele, na wale watoto wamesimama wameshikana, maji kiunoni. Walikuja kuokolewa na wavuvi wa ngalawa, alhamdulillahi, wazima wote wawili. Lakini nilirudi nyumbani nawaza. Watoto wamezaliwa hatua chache kutoka baharini, wavulana wanajirusha majini tangu hawajaota meno ya pili, na wasichana hakuna aliyewafundisha hata kuelea. Na mimi mwalimu wao nilichoweza kufanya siku ile ni kupiga ukunga.

Basi nikapeleka ombi kwenye kamati ya shule: wasichana wafundishwe kuogelea. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Mbonde, mzee wa Kimatumbi aliyehamia Masoko zamani, mwenye kanzu isiyo na kunyanzi hata mvua inyeshe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Mwalimu, bahari si ubao. Ukikosea hakuna dasta. Sasa huyo wa kuwafundisha ni nani?"

"Mimi, mzee."

"Wewe unajua kuogelea?"

Wajumbe wote wananitazama. Na hapo mdomo wangu (mnaujua) ukasema: "Naweza. Tena nitaingia kwenye yale mashindano ya mambo matatu, mniangalie."

Mambo matatu ndiyo watu walivyoyaita. Wageni waliokuja kuyaandaa wakishirikiana na vijana wa michezo waliyaita triatlon, jina ambalo sokoni lilitamkwa kila namna isipokuwa ile yenyewe. Unaogelea kwanza kwenye ghuba ya Jimbizi, unatoka unapanda baiskeli kuelekea Mpara na kurudi, halafu unatupa baiskeli unakimbia kwa miguu mpaka uwanjani. Yote kwa mfululizo, asubuhi moja.

Mzee Mbonde akatabasamu kidogo. "Haya. Ukimaliza mbele ya watu, na ukamaliza kwa heshima, tutakaa tuzungumze."

Kwa heshima! Mliweke akilini hilo neno, mimi ndilo lililoniua.

Nikaenda mbio kwa Sista Agnesi. Huyu alikuwa nesi, Mmakonde, kwao ni wafanyabiashara wa Mingoyo, na enzi za shule alikuwa mkimbiaji wa kutegemewa. Nilipomwambia nilichokisema kwenye kamati alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniuliza tumebakiwa na muda gani. Nikamwambia miezi mitatu hivi. Akasema, "Inatosha, ukinisikiliza."

Na kweli nilimsikiliza, sitaki mnione mjinga tangu mwanzo. Alinipeleka majini maji yakiwa ya kiunoni tu, akasema habari ya kuogelea tuiache, tujifunze kwanza kupumua: ingiza uso majini, toa pumzi humo humo mapovu yatoke, inua uso, vuta nyingine. Siku za mwanzo ni hivyo hivyo tu, mapovu na pumzi, mpaka wavuvi wakawa wananiuliza kama natafuta kitu nilichokidondosha. Halafu kuelea. Halafu kupiga miguu nimeshikilia dumu tupu. Nilikunywa chumvi ya kutosha kukaushia papa mzima, lakini siku nilipoliachia lile dumu na mwili usizame, wenzangu, nililia humo humo majini, nikashukuru kwamba machozi na bahari havitofautiani rangi.

Kukimbia alinianzisha kwa kutembea. Tunatembea, tunakimbia kidogo, tunatembea tena, na sheria yake ilikuwa moja: "Ukishindwa kunipa umbea huku unakimbia, ujue umezidisha mwendo." (Umbea wa Masoko wote niliumaliza kwenye barabara ile, na mwezi wa pili ikabidi tuanze wa Kivinje.) Baiskeli nilitumia ya Athumani, ya Kichina, nzito kama kitanda, na kila nikishuka Sista Agnesi ananiambia nikimbie hapo hapo, bila kupumzika, kwa sababu mtu akitoka kwenye baiskeli miguu inakuwa kama ya kuazima, na ni bora uizoee mapema kuliko ikushangaze mbele ya watu. Tena alinilazimisha kupumzika. Nikijitia ushujaa wa kufanya mazoezi kila siku ananifukuza: "Nenda kalale. Mwili unajengeka ukiwa umelala, ukiwa barabarani unabomoka tu."

Na chakula. Hapo ndipo penye mkasa, sogeeni.

Sista Agnesi hakunipa chakula cha ajabu. Uji wa ulezi asubuhi, mapema, ili tumbo limalize kazi yake kabla sijaanza yangu. Ndizi mbivu. Muhogo na viazi vitamu vya kutia nguvu, samaki na choroko baada ya mazoezi ili misuli ijirekebishe, korosho kiganja kimoja na si sinia. Maji kila mara, kidogo kidogo, na siku za jua kali anayatia chumvi kidogo, sukari na ndimu. Halafu akanionya, tena siku moja kabla, kanishika mkono:

"Somoe, kesho usile wala usinywe kitu ambacho tumbo lako halijawahi kusalimiana nacho. Umenisikia? Uji wako ule ule. Ndizi yako ile ile."

"Nimekusikia, Sista."

Nikaagana naye. Nikapita njia ya dukani kwa Shabani.

Ninyi mliozaliwa juzi hamtanielewa, lakini sisi tumekulia kwenye miaka ya foleni. Mimi nimefua sare ya shule kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni hakuna. Nimewahi kusimama kwenye mstari tangu alfajiri bila kujua mbele kunauzwa nini. Halafu ghafla ikaja ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa, na Shabani, ambaye zamani rafu zake zilikuwa na chumvi na viberiti basi, akaanza kujaza vitu vya kila rangi: mafuta ya nywele, biskuti za maboksi, redio, makopo yenye maandishi yasiyosomeka. Mimi nilikuwa naingia duka lile kama mtu anayeingia makumbusho. Sinunui, natazama tu.

"Mwalimu!" Shabani akaniita. "Si kesho ndiyo mashindano? Njoo nikuonyeshe kitu."

Akateremsha kopo. Limechorwa mwanamume mwenye mikono minene kama mapaja yangu, meno thelathini na mawili yote nje. Ndani unga wa rangi ya waridi, unanukia kama pipi.

"Hii ndiyo wanakunywa mabingwa. Imetoka Dubai. Unakoroga kijiko, unapaa."

Kijiko, alisema. Kijiko kimoja, nadhani na kopo lenyewe lilisema hivyo kwa lugha yake. Nikalibeba kopo lile chini ya khanga kama mwizi, sikumwonyesha Athumani wala mtu yeyote.

Asubuhi Athumani kaamka kabla yangu, kapika uji wa ulezi, kautia kwenye chupa ya chai, kaiweka mezani pamoja na ndizi, kaenda kuijaza upepo baiskeli. Mume wa hivyo Mungu anakupa mara moja. Mimi nikajifungia jikoni na kopo. Nikatia kijiko kimoja, nikaonja, kitamu. Nikatia cha pili. Halafu nikawaza, kama kimoja kinapaisha, vitano vitafanya nini? Na mtu aliyekua kwenye foleni akipata kitu kitamu hakiachi kwenye kopo, anajua kesho kitakuwa hakipo. Nikakoroga jagi zima, nikalishindilia na maziwa mazito ya kopo, nikanywa lote. Uji nikauacha pale pale.

Kwenye kuogelea sikuona tabu, mkiniuliza. Wanawake tulikuwa wachache: askari mmoja wa kike, wageni wawili, na mimi niliyevaa taiti ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba, namba yangu imechorwa kwa wino mikononi. Pwani imejaa watu. Wanafunzi wangu wamejipanga mstari mbele kabisa, na wale wasichana wawili wa siku ile wamo. Nikaingia. Mapovu, pumzi, mapovu, pumzi, kama nilivyofundishwa. Niliwaacha wengine waende, nikaenda mwendo wangu, na nilipozunguka boya na kuanza kurudi nikasikia watoto wanaimba jina langu. Nilitoka majini wa mwisho, lakini nimetoka kwa miguu yangu, na nilipogusa mchanga nikajiona malkia.

Ni wakati naifungua baiskeli ndipo tumbo likasema neno la kwanza.

Neno dogo tu. Kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Nikajisemea ni chumvi, nikapanda, nikaanza kukanyaga. Barabara ile enzi hizo ilikuwa changarawe na mashimo, na kila shimo lilipoitikisa baiskeli, tumbo nalo likajibu. Nilipofika kwenye kona ya kutokea mjini jasho lilikuwa limenitoka la baridi. Nyuma yangu kuna gari la wazi lenye kipaza sauti, kazi yake kumfuata mshindani wa mwisho na kumtangaza, na humo kuna kijana mmoja mwenye sauti kuliko adabu:

"Na sasa mnamwona Mwalimu Somoe! Mama wa watoto wawili! Uso wake unaonyesha ushujaa mkubwa!"

Ushujaa! Nilikuwa nimebana kila kitu ambacho Mungu amempa binadamu uwezo wa kukibana.

Nikatazama kushoto, vichaka, lakini vimejaa watoto wanaoshangilia. Kulia, nyumba. Nyumba safi, kibaraza kimepakwa chokaa, na uani naona ukuta wa makuti wa choo unachungulia. Sikuuliza ni ya nani. Nikaitupa baiskeli kwenye michongoma, nikakimbilia mlango.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti nzito.

Nikaingia. Na hapo, jamani, ukumbi mzima umejaa wazee. Kanzu, kofia, bakora, vikombe vya kahawa, mkeka mpya umetandikwa, na katikati yao, kanzu haina kunyanzi, Mzee Mbonde. Siku ile binti yake alikuwa anaposwa, na wazee wa upande wa mume walikuwa wamesafiri kutoka Lindi kuja kuzungumza posa. Na mimi nimesimama mlangoni kwao, nimelowa chapa, taiti imenishika, kilemba kinachuruzika kwenye mkeka, wino wa namba unateremka mikononi kama mtu aliyetoka kuchinja.

Kwa heshima, alisema. Umalize kwa heshima.

"Shikamooni wazee wangu," nikasema kwa mkupuo, nikitaraji itatosha.

"Marahaba," wakaitikia. Lakini mzee mmoja wa wageni, mkongwe, alikuwa mtu wa zamani asiyekubali salamu ya jumla. Akaninyooshea mkono. "Sogea, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, babu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Mitole, babu." Tumbo likanguruma. Ukumbi wote ukasikia. Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Mitole! Mitole kwa nani? Mimi Mitole nimelima."

Nikamtajia babu yangu. Kosa. Kumbe wanajuana! Akaanza kucheka kwa furaha, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akawageukia wenzake awaeleze jinsi yeye na babu yangu walivyopotea na mzigo wa korosho, na mimi nimesimama mguu juu ya mguu kama korongo, na nje kipaza sauti kinasema mji mzima usikie:

"Wananchi, Mwalimu Somoe amekata kona! Ameingia kwa Mzee Mbonde! Hatujui ameingia kufanya nini, ila tunafuatilia kwa karibu!"

Hapo nikamtazama Mzee Mbonde machoni, mwenyekiti wa kamati yangu, nikasema maneno ambayo sikuwahi kuota nitayasema mbele ya wazee wa posa:

"Mzee, nisamehe. Choo."

Alinyoosha kidole uani tu. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa ameshafika mlango wa uani, akanidaka mkono kutoka kwa yule mkongwe. "Pita mwanangu, pita, kopo la maji liko pale pale."

Sitaeleza zaidi. Niseme tu kwamba nilichelewa kwa hatua chache, na ile taiti ilibaki kwa Bi Mwanahawa.

Nilikaa mle chooni baada ya kumaliza, sitaki kutoka. Nililia. Sikuwa nalilia tumbo, nilikuwa naliona lile fungu na wale watoto wawili, na nikajua kamati haitanipa tena hata nafasi ya kufungua mdomo. Bi Mwanahawa akanipigia hodi kwenye makuti, taratibu.

"Somoe. Umekufa?"

"Bora ningekufa, mama."

"Usiseme hivyo. Toka nikufunge khanga. Hao wengine washafika wapi?"

"Washaenda zamani."

"Sasa wewe umekaa humu unamngoja nani?"

Akaniogesha maji ya mtungi kama mtoto, akanifunga khanga ya doti nzima, moja ndani moja juu, mpya, alikuwa ameiweka kwa ajili ya sherehe ya mwanawe. Imeandikwa MLISEMA SIFIKI, LEO MWASEMAJE. Akanisukuma mgongoni. Na njia ya kutoka, jamani, ni ile ile ya kupitia ukumbini. Nikapita nimeinama, nikasema, "Kwaherini, wazee wangu," na wote kwa pamoja, kwa adabu kabisa, wakaitikia:

"Karibu tena."

Nje pale barabara nzima ilikuwa inasubiri. "Huyooo ametoka!" kijana wa kipaza sauti akapaza. "Ametoka na khanga! Wananchi, aliingia na suruali, ametoka na khanga!" Watu wakashikana mabega kwa kicheko. Kushoto ni njia ya Mpara, kulia ni njia ya kwangu, nyumba naiona bati lake. Nilisimama pale nimeshika usukani, na nisiwadanganye, mguu mmoja ulishageukia nyumbani. Lakini kwenye kundi la waliokuwa wanacheka niliwaona wanafunzi wangu wamenikimbilia kutoka pwani, na wao hawakuwa wanacheka. Walikuwa wananitazama waone nitaelekea wapi. Nikaelekea Mpara.

Nilifika nikageuza. Tumbo sasa tupu na jepesi, hata upepo niliuhisi mtamu. Wakati wa kurudi, mbele ya soko, penye watu kuliko mahali popote, pindo la khanga likaingia kwenye cheni. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea. Nilianguka kifudifudi kwenye mafungu ya nyanya ya mama mmoja, na nilipovuta khanga kutoka kwenye cheni ikachanika katikati, ile sehemu ya LEO MWASEMAJE ikaliwa na baiskeli, nikabaki nimefunga MLISEMA SIFIKI. Soko zima lilisoma kwa sauti, pamoja, kama darasa la kwanza.

Cheni imenasa, baiskeli haiendi. Nikaisukuma. Nimepakaa nyanya, nimechubuka magoti, nasukuma kitanda cha Kichina kwenye changarawe, watoto nyuma yangu wanaimba, na mbele, pale pa kuachia baiskeli, nikamwona Sista Agnesi amesimama na chupa yake ya maji. Alinitazama juu mpaka chini. Hakuniuliza kitu kuhusu khanga.

"Ulikunywa nini?"

"Unga wa Dubai."

"Vijiko vingapi?"

Nikajifuta nyanya shavuni. Akafumba macho kidogo kama anayeomba subira, akanipa maji ya chumvi, sukari na ndimu. "Kunywa kidogo kidogo. Usigugumie. Umepoteza maji mengi. Ukiona kizunguzungu, unasimama, tumeelewana? Mashindano yapo kila siku, Somoe ni mmoja." Akanipa kipande cha kiazi kitamu, akasubiri nikimeze, akanishika mkono akasikiliza mapigo, halafu akasema, "Haya. Mwendo wa umbea."

Nikakimbia mwendo wa umbea. Miguu ya kuazima niliijua, ilinitikisa mwanzoni halafu ikakubali. Uwanjani walikuwa wameshaanza kung'oa bendera, washindi wameshapewa zawadi wameshabadili nguo, na niliingia na msafara wa watoto kama harusi. Yule kijana wa kipaza sauti, nimpe haki yake, alishuka kwenye gari, akatangaza jina langu mara moja tu, kwa utulivu, akaanza kupiga makofi. Nilimaliza wa mwisho wa watu wote, wanaume kwa wanawake.

Kikao cha kamati kilipofika nilikwenda nimeandaa maneno ya kuomba radhi na kuliondoa ombi langu. Mzee Mbonde akanizuia kwa mkono. Akazungumza kirefu kuhusu heshima, kuhusu wageni, kuhusu mkeka wake uliolowa maji ya bahari, na mimi kichwa kilikuwa kinazidi kuingia mabegani. Kisha akakohoa.

"Nilitoka nikasimama kibarazani," akasema. "Nilimwona amesimama njia panda na watu wanamcheka. Nikajisemea, huyu anakwenda kwake, na mimi ningekuwa yeye ningekwenda kwangu." Akanyoosha kanzu yake. "Hakwenda kwake. Basi. Watoto wafundishwe, ila kwa sharti moja: kila msichana anayeingia majini, mama yake au shangazi yake naye awemo majini."

Mjumbe mmoja akauliza ni mama gani wa Masoko atakayekubali. Mzee Mbonde akatazama dirishani kana kwamba swali halimhusu. "Wa kwangu ameshashona suruali," akasema.

Wiki iliyofuata tulishuka Jimbizi, wasichana, mama zao, shangazi zao, Sista Agnesi na mimi. Mapovu na pumzi. Mama wengine waliishia magotini siku hiyo, wengine waliingia wakatoka wakacheka wakaingia tena, na wale wasichana wawili wa fungu wakang'ang'ania mikono yangu mpaka kucha zikaingia, kisha mmoja akaachia. Bi Mwanahawa, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amelishikilia dumu lake kifuani kwa muda mrefu. Mara likamponyoka likaelea kando. Akabaki hapo juu ya maji, mgongo chini, suruali yake mpya imejaa hewa, macho yametoka, halafu akapiga ukelele uliosikika mpaka gatini:

"Nimeachia! Jamani, nimeachia!"

Tangu hapo nimeshiriki mambo matatu mara kadhaa, na siku hizi simalizi tena wa mwisho, ingawa wa kwanza sijamwona ila mgongo. Mkitaka kuanza, anzeni: pole pole, majini msiende peke yenu, na mpumzike mnapoambiwa mpumzike. Lakini nimeapa, na ninyi muape pamoja nami, kwamba asubuhi ya mashindano hata bingwa wa dunia aje kwangu na kopo la dhahabu aniambie nionje tu kwa ncha ya ulimi, nitamkaribisha kiti, nitamsalimia vizuri, nitamuuliza hali ya watoto, na nitakunywa uji wangu.